Tujenge Reli Ndogo Nyumbani

Hapa Goma hakuna gari la moshi. Tuna meli za kwenda Bukavu, tuna malori na pikipiki, tena tuna chukudu, ambayo imepewa hata sanamu yake mjini. Lakini reli haijafika kwetu. Mwaka 1956 reli ya Uganda ilifika Kasese, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, kwa ajili ya kuchukua shaba ya Kilembe. Hiyo iliukaribia mpaka wetu, lakini siku hizi treni zake zimekoma.

Kwa hiyo watoto wengi wa Goma hulijua gari la moshi kwa picha tu. Somo hili litawaonyesha namna ya kujenga reli ndogo nyumbani, juu ya ubao, kwa vitu vinavyopatikana bure. Mwingine atauliza: Nitajengaje kitu nisichokiona bado? Utajenga kwa vipimo. Mwenye vipimo vya kweli anaweza kutengeneza kitu ambacho macho yake hayajakiona, na mtu aliyekiona atakitambua mara moja.

Kila mwaka, siku za Noeli zikikaribia, ninyi husaidia kutengeneza pango kanisani au nyumbani. Mnaleta mawe, nyasi na udongo, mnafinyanga wachungaji na wanyama. Sasa kumbukeni vizuri. Je, hamjaona kondoo mkubwa kuliko Mtakatifu Yosefu? Na punda anayeweza kuingia chini ya tumbo la kondoo? Watu hucheka, lakini kosa ni moja tu. Aliyefinyanga kondoo hakuzungumza na aliyefinyanga punda. Kila mmoja alipunguza kwa kadiri ya moyo wake.

Mjenzi wa reli ndogo hapunguzi kwa moyo. Huchagua namba moja, na vitu vyote hugawanywa kwa namba ile ile: gari, reli, mlango, mtu, mti na gunia. Sisi tutachagua hamsini. Maana yake, kila kitu kitakuwa kidogo mara hamsini kuliko kilivyo kweli. Hesabu yake ni nyepesi, kwa sababu meta moja ikigawanywa kwa hamsini huwa sentimeta 2. Mtu mwenye urefu wa meta 1 na sentimeta 70 atakuwa na sentimeta 3 na milimeta 4. Mlango wa meta 2 utakuwa wa sentimeta 4. Behewa la mizigo lenye meta 10 litakuwa la sentimeta 20. Andika hesabu hizi katika daftari kabla ya kushika kisu.

Sasa tujenge reli gani? Ziko nyingi duniani, lakini sisi tuna yetu, na habari yake ni nzuri kujulikana. Mto Kongo ni njia kubwa ya meli, lakini mahali pengine maji yake huanguka juu ya miamba, wala meli haiwezi kupita. Juu ya Kisangani yako maporomoko saba, yanayoitwa maporomoko ya Boyoma. Ndiyo sababu ilijengwa reli ya kuyazunguka, kutoka Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125. Ilifunguliwa mwaka 1906. Zamani Kisangani iliitwa Stanleyville na Ubundu iliitwa Ponthierville.

Msafiri wa siku zile alikuwa na kazi. Alifika Kisangani kwa meli, akashuka. Akapanda treni mpaka Ubundu, akashuka. Akapanda meli tena mpaka Kindu, zaidi ya kilometa 300, akashuka. Kutoka Kindu akapanda treni nyingine mpaka Kongolo, kilometa 355, kwa sababu karibu na Kongolo mto unapita katika mwanya mwembamba wa mawe, wenye maji makali, ambao Wazungu waliuita Mlango wa Jehanamu. Kutoka Kongolo akapanda meli mpaka Kabalo. Mwisho, treni ya tatu ilimchukua kilometa 273 mpaka Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Kipande hicho cha mwisho kilikwisha mwaka 1915. Akitaka kuvuka ziwa mpaka Kigoma, ilimpasa kupanda meli tena! Kila mahali, magunia yote yalishushwa kwa mabega ya watu na kupakiwa upya. Mwaka 1939 reli ilivuka mto kwa daraja pale Kongolo na kufika Kabalo, hata ikapunguza kupanda na kushuka.

Basi, tutajenga Ubundu, mahali ambapo reli inakutana na mto. Lakini hapa mjenzi anakutana na shida yake ya kwanza, na ni shida kubwa kuliko zote. Kilometa 125 zikigawanywa kwa hamsini ni ngapi? Ni meta 2,500. Ubao wako ungekuwa mrefu hata mtu angetembea nusu saa kutoka mwanzo wake mpaka mwisho wake. Baba hatakubali!

Watoto wengi wakifika hapa hudanganya. Husema: Nitafanya treni kubwa, na njia nitaifinya, na stesheni mbili nitaziweka karibu karibu, na mto nitaufanya kama mfereji. Hapo wanarudia kondoo na punda wa pangoni. Sheria ya kazi yetu ni hii: kinachowekwa juu ya ubao kinagawanywa kwa hamsini, na kisichoingia kinaachwa chote. Kuacha si uongo. Mchoraji wa picha ya mtu anaweza kuchora kichwa tu, na hakuna anayesema kwamba mtu huyo hana miguu.

Tafuta ubao wenye urefu wa meta 1 na nusu na upana wa nusu meta. Ubao wa namna hiyo unaweza kulala chini ya kitanda, na jambo hilo ni la maana katika nyumba yenye watu wengi. Zidisha kwa hamsini uone ni nchi gani unayoimiliki: meta 75 kwa meta 25. Si nyingi, lakini inatosha mwisho wa reli, kibanda cha mizigo, behewa matatu, ukingo wa mto na mtumbwi mmoja. Mto wenyewe ni mpana mno. Meta 500 za maji zingehitaji meta 10 za ubao. Kwa hiyo weka ufuko tu, na ukanda wa maji wenye upana wa kiganja. Atazamaye atajua kwamba maji yanaendelea.

Tena usipinde njia. Gari la moshi la kweli haligeuki kama pikipiki. Kona ambayo ingeingia katika ubao wetu ingekuwa kali sana, hata treni ya kweli ingetoka relini. Huko Ulaya, watengenezaji wa reli za kuchezea huzipinda kwa duara ndogo ili treni izunguke mezani bila kusimama. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli za namna hiyo mwaka 1891, na watu walizipenda mno. Treni nyingi wanazouza leo zimepunguzwa mara 87, lakini kona zao hazikupunguzwa kwa haki. Ni mchezo mzuri, lakini njia iliyonyoka ni ya kweli zaidi, tena ni rahisi kuitengeneza.

Sasa tuanze kazi ya mikono. Nenda kwa fundi seremala, msalimu kwa heshima, umwombe vipande vidogo anavyotupa. Tafuta na mwanzi mkavu. Kupasua mwanzi ni kazi ya kisu kikali, kwa hiyo umwombe baba au kaka yako mkubwa akusaidie.

Kwanza ni mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli na kuzishika. Kata vipande vya mwanzi vyenye urefu wa sentimeta 3 na nusu na upana wa milimeta 4. Vipange juu ya ubao, kutoka katikati ya kimoja mpaka katikati ya kingine sentimeta 1 na nusu. Utahitaji mia moja. Kazi hii inachosha, nami nawashauri muigawanye, ndugu na rafiki, kila mtu ishirini. Katika reli nyingi za Afrika mataruma yalifanywa kwa chuma, kwa sababu mchwa hula mbao. Ukipenda, yasugue yako kwa makaa yawe meusi.

Gundi? Pika uji mzito wa unga wa muhogo. Unashika vizuri sana ukikauka, ila uwafukuze kuku.

Baadaye ziweke reli mbili, nazo ni fito za mwanzi zilizonyoka, upana milimeta 2 na kimo milimeta 3. Nafasi kati ya reli na reli ndiyo kipimo kikubwa kuliko vyote. Reli ya Kisangani na Ubundu ina nafasi ya meta 1 kamili. Igawanye kwa hamsini: sentimeta 2 kamili. Usipime kwa rula kila mara, maana jicho huchoka. Chonga kipande cha mti chenye upana wa sentimeta 2 barabara, ukisukume kati ya reli tangu mwanzo mpaka mwisho. Kikikwama, njia ni nyembamba. Kikicheza, njia ni pana. Mafundi wa reli ya kweli nao hutembea na kipimo chao cha chuma kwa kazi hiyo hiyo.

Je, tofauti ndogo ina neno? Ndiyo, ina neno kubwa. Reli za Kindu na za Kalemie nazo zilikuwa na nafasi ya meta 1. Lakini reli ya Katanga ilikuwa na milimeta 1,067. Palipotakiwa kuziunganisha, mwaka 1955 zile reli za Kindu na Kalemie zilipanuliwa zilingane na ya Katanga, na mwaka 1956 njia kutoka Kamina ilifika Kabalo. Wakapanua mamia ya kilometa kwa sababu ya milimeta 67! Katika kipimo chetu, hiyo ni zaidi kidogo ya milimeta 1. Haifiki unene wa kijiti cha kiberiti, lakini behewa lisingeweza kupita. Reli ya Ubundu peke yake iliachwa na meta yake moja, kwa kuwa haikuungana na reli nyingine.

Gundi ikikauka, mwaga kokoto kati ya mataruma. Katika jambo hili mtoto wa Goma ana bahati kuliko mtoto wa Brussels. Kokoto za reli zinatakiwa kuwa na ncha kali, ili zishikane na kuyazuia mataruma yasiteleze. Zile laini za mtoni huviringika. Tena lazima ziruhusu maji ya mvua kupita. Sisi tunakaa juu ya mawe ya namna hiyo. Mlima Nyiragongo uliyaleta mjini mwaka 2002, na mwaka 2021 ulifika tena mitaa ya kaskazini. Watu wengi walipoteza nyumba, na wengine walipoteza wapenzi wao. Leo mawe hayo hayo ni kuta na barabara zetu. Chukua makombo meusi, yaponde polepole ndani ya kitambaa ili yasirukie macho, kisha yachekeche. Jiwe la kweli la sentimeta 3 au 4 kwa hamsini ni chini ya milimeta 1, kwa hiyo unahitaji unga wenye chembechembe, siyo mawe.

Magurudumu yanataka uvumilivu. Gurudumu la gari la moshi si kama la chukudu. Upande wa ndani lina ukingo unaoshuka kando ya reli, nao ndio unaolizuia lisianguke. Kata duara la sentimeta 1 na milimeta 6 katika kandambili iliyochakaa, kisha duara la sentimeta 2 katika karatasi ngumu ya katoni. Yabandike pamoja, na sasa una gurudumu lenye ukingo. Hapa tu tunavunja sheria yetu, maana ukingo wa kweli ungekuwa mdogo kuliko mchanga, nasi tunafanya wa milimeta 2. Mkono wa mtu hauna budi kupewa nafasi yake.

Magurudumu mawili hukazwa katika mhimili mmoja, kijiti kilichochongwa mviringo. Kingo zote mbili zikae ndani, na kutoka nje ya ukingo mmoja mpaka nje ya mwingine iwe milimeta 18, ili pabaki milimeta 1 kila upande. Mhimili ndio unaozunguka pamoja na magurudumu yake. Usiyaache yazunguke peke yao. Mwili wa behewa ni sanduku la katoni: urefu sentimeta 20, upana 5, kimo kutoka reli 7. Kwa kichwa cha treni, kipande cha mwanzi mnene kitakuwa pipa la mvuke, na kijiti kifupi kitakuwa bomba la moshi. Nyuma yake weka lundo la vijiti vya kuni, kwa sababu treni za zamani za huko zilikula kuni za msituni.

Inua upande mmoja wa ubao polepole mpaka behewa litembee lenyewe, upime kimo ulichoinua. Kimo kikiwa kidogo, magurudumu yako ni mazuri. Kikiwa kikubwa, mhimili unabana. Katika reli ya kweli, kupanda meta 2 katika meta 100 ni mlima mkali kwa treni ya mizigo, kwa maana chuma juu ya chuma huteleza. Kwa hiyo wajenzi wa reli huchimba vilima na kujaza mabonde, nao wenye chukudu huteremka kutoka Kibumba na viazi vyao bila kuuliza mtu.

Yaliyobaki ni nchi. Chovya karatasi za gazeti katika uji wa muhogo, uzifanye kingo za mto kama mnavyofanya mwamba wa pango. Maji ni karatasi iliyopakwa rangi ya udongo, siyo ya buluu, maana mto Kongo si ziwa Kivu. Halafu panda msitu, nawe utashangaa. Mti wa meta 40, na iko mingi katika msitu ule, unakuwa wa sentimeta 80. Utasimama juu ya treni kama nguzo ya kanisa. Watoto wote hufanya miti mifupi sana. Leta matawi marefu, uyasimamishe upande wa nyuma, ndipo utaona jinsi gari la moshi lilivyokuwa dogo ndani ya msitu.

Mwisho weka watu, wenye sentimeta 3 na nusu hivi, na magunia ya sentimeta 2. Weka wengi, wakishusha na kupakia. Kando ya njia weka msalaba mmoja mdogo wa vijiti. Watu wengi wa nchi hii walichukuliwa kwa lazima kufanya kazi ya reli, wala si kwa hiari. Katika reli ya Matadi, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, hesabu ya wakubwa wenyewe ilitaja Waafrika 1,800 waliokufa. Vitu vyote juu ya ubao hugawanywa kwa hamsini, lakini hesabu hiyo haigawanywi.

Reli ya Ubundu imepatwa na uzee na vita, na kwa vipindi virefu hakuna treni iliyopita. Mtoto atakayemwonyesha mzee wa Kisangani ubao wake atasikia mengi ambayo somo hili halikuyasema, naye ataambiwa pia kitu gani hakikuwekwa mahali pake. Akibandue, akibandike upya.

Sasa fanyeni hesabu hizi katika daftari. Pima mlango wa darasa lenu, uugawanye kwa hamsini. Mwombe jirani ruhusa upime chukudu yake, ufanye vivyo hivyo. Kisha hii: kilele cha Nyiragongo kiko meta 3,470 juu ya usawa wa bahari, na ziwa Kivu liko meta 1,460. Tafuta tofauti yake, uigawanye kwa hamsini. Je, mlima huo ungeingia nyumbani kwenu?